Bangili ya Rangi Kumi na Mbili

Mama Elifuraha mpendwa, shikamoo. Naomba unisaidie kabla ya Ijumaa saa nne asubuhi, maana baada ya hapo hata ukinijibu itakuwa ni kunipa pole tu. Mimi ni binti wa miaka ishirini na moja, nakaa Daraja Mbili na mama yangu, nasoma kozi ya faiba katika chuo kimoja cha ufundi hapa Arusha, yaani tunafundishwa kuunganisha zile nyuzi za kioo nyembamba zinazopitisha intaneti, na mwalimu wetu, Mwalimu Melkizedeki, ni mtu mzuri ila kwenye sheria hana mchezo, siku ya kwanza tu alitusomea zote zilizobandikwa mlangoni, viatu vya kufunika, miwani muda wote, hakuna kula hata karanga, vipande vya kioo vyote kwenye kopo lake, usivae pete wala bangili, na rangi kumi na mbili za nyuzi uzijue kwa mpangilio wake, kwa kichwa, bila karatasi.

Hapo kwenye rangi ndipo nilipokwama, bluu, chungwa, kijani, kahawia, nikifika kijivu akili inazima, basi mama, ambaye anatunga na kuuza shanga sokoni Kwa Mrombo, akasema nitajie hizo rangi nikutungie, akanitengenezea bangili, na tangu hapo sikukariri tena, nikijisomea nachungulia mkono na kuzitaja kama kasuku. Mwalimu alipoiona akasema vua, nami, Mungu anisamehe, nikamwambia ni ya mila yetu sisi Waarusha, haivuliwi, na yeye kwa heshima akaniacha. Wenzangu wakaijua siri, wakaomba na wao, mama kwa furaha akawatungia wanane bure, na kila aliyeulizwa akajibu ni ya mila, hata Prosper ambaye ni Mchaga wa Machame.

Jumatatu ulikuwa mtihani wa vitendo, kila mtu apange nyuzi kumi na mbili kwenye kikasha, kila rangi kwenye tundu la namba yake. Mwalimu akapita na taa yake ya kupimia, kwangu akamulika namba sita mwanga ukatokea saba, akaenda kwa Lilian, sita ikatokea saba, kwa Prosper vilevile, mpaka akafika wa tisa. Akavua miwani akasema, "Mmoja akikosea ni bahati mbaya. Tisa wakikosea tundu lilelile, hicho ni kikao. Ijumaa saa nne nataka kujua mmedesa wapi, la sivyo wote tisa mnarudia kozi mwakani."

Nilifika nyumbani nikaikagua bangili, kumbe nyekundu imetangulia nyeupe, wakati kwa mpangilio nyeupe ni ya sita na nyekundu ya saba! Nikamuuliza mama kwa upole, akajibu bila wasiwasi, "Ndiyo, niliihamisha. Ulitaka nyekundu ikae ubavuni mwa nyeusi, mimi sitoi kazi mbaya hivyo. Lazima nyeupe ikae katikati." Na sasa anawaambia majirani kwamba na yeye ameshiriki kuleta intaneti Arusha. Wenzangu wanasema tunyamaze wote. Mimi sijui nikiri, nifukuzwe, na kazi ya mama ichekwe, au ninyamaze tuzame wote tisa.

Mwenye Bangili, Daraja Mbili

*

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka mpaka chai ikapoa, na huyo Prosper na mila yake ya Machame sitamsahau. Mara ya pili nikakasirika.

Kukwama kwenye kijivu si dhambi. Lakini umechukua mila ya watu ukaifanya kifuniko cha desa! Siku akija binti mwenye kitu ambacho kweli havui, mwalimu atamwaminije baada yenu tisa? Na hizo sheria za mlangoni unaziona kama usumbufu tu. Haya, kesho uko juu ya nguzo Nduruma, zahanati inasubiri mtandao, umeingiza sita kwenye saba. Utamwambia daktari kwamba nyekundu haipendezi karibu na nyeusi?

Kunyamaza sahau. Watu tisa hawatunzi siri, ndiyo maana bangili moja ilizaa nane. Mficha maradhi kifo kitamuumbua. Usingoje Ijumaa. Alhamisi asubuhi, kabla ya kipindi, nenda peke yako kwa Mwalimu Melkizedeki, bangili ikiwa kiganjani na si mkononi. Mwambie, "Mwalimu, ile mila ilikuwa uongo wangu." Usiwataje wenzako, wana midomo yao. Omba mpimwe upya, na akisema wewe urudie kozi, urudie bila kununa. Ila kwa mtu aliyekuheshimu hata ulipomdanganya, mimi nina matumaini.

Kuhusu mama, usithubutu kumwambia amekosea. Ulimpa kazi ya shanga, akafanya kazi ya shanga, na kwa macho yangu nyeupe pale katikati inapendeza kweli. Mweleze tu kwamba wewe uliigeuza ya kuibia mtihani. Ataumia kidogo, kisha atakusema sana, na hiyo unastahili.

Akimaliza kukusema, kaa chini pembeni yake, omba shanga, utunge mwenyewe zote kumi na mbili kwa mpangilio wa mwalimu, hata kama atakunja uso kila ukifika kwenye nyeusi. Fumua, tunga tena, fumua, mpaka vidole vyenyewe vijue kinachofuata. Ukichoka, tua uzi umtazame yeye akifanya kazi yake, mikufu yote ile, rangi zote zile. Halafu uniandikie, mwanangu, uniambie ni wapi umemwona akichungulia.