Bolti ya Sita

Ijumaa, 3 Oktoba 2014

Barua ya makumbusho ya mji imefika, wanachama wote wa klabu ya mashine kongwe za kufulia tumepata. Mashine moja tu ya kiwanda chetu itawekwa ukumbini, ifue mbele ya wageni kila Jumamosi. Sawa. Wamechagua Modeli 80. Sawa tena — hata mimi ningechagua hiyohiyo. Halafu kibao cha shaba: "Kikorogeo chenye mapezi ya mlalo, ubunifu wa Injinia Duane Pruitt." Kinachongwa Jumatatu, tarehe 13.

Nimeisoma mara mbili, nikaiweka chini ya birika la kahawa.

Miaka kumi na tisa nilifunga giaboksi katika kiwanda kile. Arobaini na nne kwa zamu. Na mapezi yale ya kikorogeo, ule mnara wa katikati unaogeuza nguo, niliyalaza mimi! Mei 1979, saa ya chakula, vipande vya mpira na gundi ya viatu. Pruitt akapita, akatazama, akaomba akiazime kikorogeo "mara moja". Kilirudi mwaka uliofuata kikiwa dukani, na jina lake kwenye karatasi za hataza ya ubunifu.

Leo karakanani nimetengeneza pampu mbili na mkanda mmoja. Wanavuna mahindi. Vumbi limejaa mpaka kwenye siagi.

Jumapili, 5 Oktoba

Baada ya ibada nimemkamata Gaylen Trask kwenye maegesho. Ndiye mwenyekiti wetu: mashine thelathini na mbili chini ya nyumba, mke mmoja mvumilivu juu yazo. Nimemwambia yote, kwa mara ya kwanza.

"Wilma, mama, kila aliyefanya kazi pale ana hadithi yake," anasema. "Mjomba wangu anaapa kwamba yeye ndiye aliyebuni ile rangi ya parachichi ya mashine zetu."

"Mjomba wako alikuwa anaendesha foklifti."

"Ndiyo maana nakwambia."

Anataka ushahidi. Haya. Sisi wa mstari wa giaboksi tulikuwa na desturi. Kabla ya kufunga kifuniko, unachora kwa ndani: namba yako, tarehe, na la moyoni. Wengine sala, wengine matusi kwa msimamizi. Ilikatazwa, na hakuna aliyeacha. Maana atakayesoma ni fundi atakayefungua miaka ishirini baadaye, na fundi ni ndugu.

Tarehe 9 Mei 1979 nilifunga giaboksi tatu za majaribio za Modeli 80. Moja niliichora nikiwa nimevimba kwa hasira, wiki nzima kikorogeo changu hakijarudi: mapezi ni yangu, digrii kumi na tano, Wilma, 417. Mbili nilichora namba tu. Na mashine inayokwenda makumbusho ni mojawapo ya zile tatu, ilikuwa nyumbani kwa Pruitt siku zote.

Nafasi moja kati ya tatu. Kiwanda kilipofungwa nilianzisha karakana kwa nafasi mbaya kuliko hiyo, na ina miaka ishirini na moja.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimempigia Noreen, binti yake Pruitt. Nimeomba kufungua giaboksi, nimesema na sababu. Sina mchezo wa kuzunguka.

Hataki. Haijafunguliwa tangu itoke kiwandani, anasema, na hiyo ndiyo heshima yake. Klabu nzima iko hivyo! Kwao, kutofunguliwa ni kama ubikira. Nikamwambia, bibie, mashine isiyofunguliwa ni kabati.

Kisha, polepole: baba yake ana miaka themanini na minane, hataki aaibishwe mbele ya watu kwa jambo ambalo huenda halikumbuki.

Nilitaka kumchukia. Ameniharibia hata hilo.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimefua taulo zangu tena ili zichafuke sawasawa — yaani, nimezipaka tope na oili kwa kijiko, gramu zilezile kila taulo. Gaylen akisikia atacheka. Acheke. Jumamosi ni siku ya kufua pamoja, na mimi sipimi kwa macho.

Jumamosi, 11 Oktoba

Chumba cha chini cha Gaylen. Watu kumi na saba, kila mmoja na kikapu chake cha nguo chafu, kama kawaida yetu. Supu ya maharage na mikate ya mdalasini juu ya mashine ya kukaushia. Vifuniko wazi, swichi zake zimebanwa kwa vibanio vya nguo ili mashine zizunguke. Noreen ameleta Modeli 80 kwa gari la kukodi, ijaribiwe kabla ya makumbusho.

Kipimo ni kilekile: kitambaa chekundu unakitupa juu ya maji, unahesabu sekunde mpaka kizame katikati na kuibuka ukingoni.

Mashine yetu kongwe ya 1956. Giaboksi ya meno marefu, vipande kumi na moja vinavyocheza. Inageuka zaidi ya nusu duara, polepole, mapigo 66 kwa dakika. Kitambaa: sekunde 41. Inafua kama bibi asiye na haraka.

Ile ya kiwanda shindani, ya kupiga juu-chini. Sekunde 19. Lakini Gaylen alilowa mpaka miwani, na shati la mtu likatoka limesokotwa kama kamba. "Hii haifui, inaadhibu," akasema mkewe.

Modeli 80. Vipande vitano tu ndani, kiwanda kilitaka wepesi. Mapigo 120, mageuzo mafupi, robo duara. Kwanza niliomba tuivike kikorogeo cha mapezi yaliyosimama; hicho huchomolewa bila kugusa giaboksi. Nguo zilitetemeka juujuu kama watu wanaongoja basi kwenye baridi. Sekunde 73. Kisha kile cha mlalo: mapezi yanayasukuma maji chini, nguo zinafuata. Kitambaa kikazama kama kimevutwa mguu. Sekunde 26.

Mara tatu. 26, 27, 26. Taulo zangu nyeupe kabisa.

Nikasema, giaboksi peke yake haikuwa na maana. Mapezi ndiyo yaliyoiokoa. Wakaitikia kwa vichwa. Hakuna aliyeuliza mapezi ya nani.

Ndipo mke wa Gaylen akasema, "Nani kamwaga sharubati?"

Haikuwa sharubati. Oili, nyeusi, imetandaa chini ya Modeli 80. Sili, ile pete ya mpira inayozuia oili, imekufa, miaka thelathini na mitano. Ikifua hivyo Jumamosi mbili zaidi beringi zitajisaga. Lazima ifunguliwe, na aliyebaki mjini anayejua kuifungua ni mmoja. Wote wakanitazama. Mimi nikamtazama Noreen.

Noreen akatoka nje na simu. Akarudi: "Baba anasema ifunguliwe. Ila asubiriwe."

Jumamosi hiyohiyo, saa tisa kasorobo alasiri

Naandika kwenye daftari la kazi, nimekalia ndoo. Giaboksi iko juu ya benchi, imelazwa ubavu, oili inachuruzika kwenye karai. Bolti tano nimetoa. Ya sita nimeilegeza tu.

Pruitt amekuja na fremu yake ya kutembelea. Gaylen na mwenzake wamemteremsha ngazi kumi na mbili, wakihesabu. Nilikuwa na maneno ya miaka thelathini na mitano, nimeyapanga vizuri. Yeye hakunisalimu. Alikwenda kwenye kikorogeo, akapitisha kidole juu ya pezi.

"Digrii ngapi?"

"Kumi na tano."

"Mimi niliandika kumi na nne," akasema. "Nilipima vibaya. Toleo la kwanza lote lilitoka na kumi na nne."

Mimi, niliyekuwa nafunga, nililijua hilo. Nilidhani hakuna mwingine anayejua.

Noreen akasema, baba, kaa. Hakukaa. Akainama karibu na sikio langu lakini sauti yake kubwa ya mzee asiyesikia vizuri ilisikika chumba kizima:

"Fungua, Wilma. Siku ile nilikuwa nyuma yako. Nilikuona ukichora."

Sikujua kama analijua jina langu.

"Zilikuwa tatu," akasema. "Unadhani niliibeba hii nyumbani kwa kubahatisha?"

Gaylen ameweka chini bakuli la supu. Noreen anamtazama baba yake, hanitazami mimi. Nimewaambia oili iishe kwanza, isije ikafuta maandishi. Kweli hiyo. Pia nimeifuta spana mara tatu.

Tone moja kila sekunde nne sasa. Noreen ameshika taa, ananisogezea. Mzee ameniuliza kama spana ni ile yangu ya zamani.

Ni ileile.

Tone moja kila sekunde sita.