Nenda Ukapige Hodi kwa Pita

Mpendwa mume wangu mdogo Idi,

Asalaam aleikum. Najua simu yangu unaiona ikiita na unaiacha iite. Mama yako ananiambia eti una kazi nyingi. Mimi ndiye niliyekulea, ananidanganya nini? Ukiwa na kazi unapokea huku unatafuna. Ukiwa na aibu unajificha nyuma ya ghala mpaka njaa ikutoe. Huko Kanada ghala langu halipo, basi umejificha nyuma ya simu.

Sasa naandika. Yaani anaandika Zaituni, binti wa mama yako mdogo, mimi nasema, maana darasa mimi nililiona kwa nje tu nikipita na mbuzi. Nimemwambia asinipambe maneno. Na barua hii asiifunge, aiweke wazi kwenye kundi la ukoo na popote inapofaa, kwa sababu wapo wengi siku hizi ambao kazi yao ni kuchagua watu na kuacha watu. Nao waisome.

Unakumbuka siku ya kwanza uliponionyesha huo mchezo wenu? Tulikuwa hapa mjini Dodoma, Area D, sebuleni kwa mama yako, Zaituni kanishikia simu, na wewe uko ndani ya simu umejifunga mashuka shingoni. Nikaona wanaume wamevaa kama magodoro, wanateleza juu ya barafu, wanafukuza kitu cheusi mfano wa kisigino cha kiatu. Nikakuuliza, "Idi, hao wamegombania nini mpaka wapigane magongo?" Ukacheka mpaka simu ikaanguka. Ukasema ni mpira, bibi, mpira wa magongo wa barafuni, na timu hiyo ndiyo inayokulipa mshahara. Nikasema Mungu ni mkubwa, mtoto wa kijijini Chemba analishwa na barafu.

Halafu ukamwita Pita. Akaja na ndevu zake, jitu zima, golikipa. Ukasema, "Bibi, huyu ndiye aliyenipokea." Siku uliyofika ulikuwa na kile kijikoti cha mtumba, midomo imekauka kama ngozi ya ngoma, na yeye akavua koti lake akakuvika pale pale. Akakufundisha kutembea juu ya barafu amekushika kwapani kama mtoto anayeanza hatua. Akaniambia "Shikamoo bibi," ulikuwa umemfundisha. Nikamjibu, "Marahaba, ndevu kama beberu, nilindie mume wangu." Ukamtafsiria, naye akaweka mkono kifuani. Mkono ule niliuona, Idi. Haukuwa wa utani.

Sasa mama yako kanieleza yote, usimlaumu, nilimkalia mpaka akasema. Msimu wenu umekwisha, mko kwenye kupanga kikosi cha msimu ujao, nani abaki, nani aje, nani aondoke. Wewe wamekupandisha, kalamu sasa iko mkononi mwako. Na goti la Pita limekufa. Ukamwacha. Ukamtumia ujumbe wa simu: tunashukuru kwa kazi yako, msimu ujao hatutakuwa nawe. Mkubwa wako alikwambia ndivyo mnavyofanya huko, kila anayeachwa anatumiwa maneno hayo hayo. Pita hajajibu. Na wewe siku hizi ukitoka kazini unazunguka mtaa wa mbali ili usipite mbele ya mlango wake.

Kumwacha hukukosea. Nakwambia mapema ili usije ukalia bure. Goti likiisha limeisha, na golini hapawekwi huruma. Lakini ujumbe! Hata mbuzi anayepelekwa mnadani huwa anashikwa kamba na mtu.

Rudi nyuma kidogo, mume wangu. Rudi kiangazi kile cha babu yako.

Ulikuwa umeng'oka meno mawili ya mbele, unapiga mluzi ukisema neno lolote lenye "s". Mavuno yalikuwa ndani, upepo unafagia mashamba, na kikundi chetu cha kulima kwa zamu kilikuwa kinajipanga kabla mvua hazijaja. Leo shamba la huyu, kesho la yule, wote kwenye mstari mmoja na majembe yanashuka pamoja. Na yanashuka pamoja kwa sababu yuko anayeimbisha. Tangu mimi naolewa, aliyeimbisha alikuwa babu yako. Alisimama katikati ya mstari, akatupa neno, sisi tukalidaka, jembe likashuka. Wewe ulikuwa unamwiga huku nyumbani kwa mwiko wangu wa ugali.

Lakini msimu uliotangulia alikuwa anakatisha wimbo ili apumue. Goti lilivimba kama boga. Akikatisha, mstari unavunjika, huyu jembe lake juu, yule lake chini, na dada wa jirani yetu Shabani alichanwa kisigino. Kila mtu aliona. Hakuna aliyesema.

Akaja Juma, mkubwa wa kikundi. Mimi na wewe tulikuwa mkekani uani tunabangua karanga.

"Hodi humu!"

Kabla sijafungua mdomo, babu yako akajibu toka ndani, "Hakuna mtu!"

"Na anayesema hakuna mtu ni nani?"

"Mwenye nyumba. Nenda zako."

Juma hakuondoka. Akakaa chini, mgongo ukutani, juani, kofia yake kaiweka gotini. Ukaenda kumchotea maji, hukutumwa, na kwa hilo nilikupenda zaidi. Babu yako akaona dirishani. "Idi! Maji ya nani hayo?"

"Ya mgeni, babu."

"Mgeni gani? Huyo mwizi."

Ukarudi kwangu ukaninong'oneza kwa mluzi wako, "Bibi, sasa kaiba nini?" Nikakwambia bangua karanga.

Jua likapanda. Nikamwambia Juma asogee kivulini, akasema, "Hapa pananitosha, mama." Jasho linamtiririka, wala hakunyanyua mkono kulifuta. Basi ikaja adhana ya adhuhuri. Na birika la kutawadhia liko wapi? Nje, karibu na mguu wa Juma. Nikaona babu yako yuko mlangoni anaupima uwanja kama jogoo anayemwona mwewe. Akatoka. Juma akanyanyuka, akashika birika, akamimina. Babu yako akaosha mikono, uso, miguu yote miwili, hata lile goti bovu akalilowesha, na hakumtazama. Wakaswali mkeka mmoja.

Walipotoa salamu, babu akakuita. "Idi, mpe kiti mtu huyu, ataota mizizi hapo chini."

Ukaleta kigoda. Babu akamwambia Juma, "Haya. Umekuja kuniambia nini ambacho goti halijaniambia?"

Juma akasema, "Sikuja kukwambia, baba. Nimekuja kuuliza. Nani atuimbishe?"

Hapo ndipo ulipoacha kutafuna karanga. Unakumbuka kimya kile? Kwetu ndivyo ilivyo: anayetoka kwenye nafasi yake ndiye anayemtaja wa kuishika. Asipoulizwa, ametupwa. Akiulizwa, amepokelewa mzigo. Babu yako alikaa kimya mpaka kuku wakaanza kula karanga zetu nisiwafukuze. Halafu akasema, "Mwanaidi, mke wa Shabani."

"Mwanamke?" Juma akashtuka.

"Wewe sauti umeiona wapi imevaa kanzu?"

Nikacheka mimi, ukacheka wewe, Juma naye akashindwa. Nikasonga ugali wa uwele, tukala na mlenda, na babu yako akamsogezea Juma bakuli la mboga kila linapopungua. Juma alipoondoka, babu yako akalala chali kwenye mkeka akatazama juu muda mrefu. Akaniambia, "Amekuja mwenyewe." Basi. Alilia kidogo, nikajifanya napepeta.

Mvua zilipokuja hakulima. Alikaa ukingoni mwa shamba juu ya kigoda kile kile, na wewe miguuni pake, anamfokea Mwanaidi, "Vuta! Usilimeze neno, kwani ni kidonge?" Mwanaidi naye anamjibu, "Babu, njoo ulime basi!" Watu wote mstarini wanacheka, na majembe yanashuka pamoja. Mpaka tunamzika alikuwa bado mtu wa kikundi. Mwanaidi ndiye aliyeleta maji ya kumwosha.

Nimekaa na hayo wiki nzima, mume wangu. Huku sasa baridi imeshika, ule upepo wa Dodoma unaopita chini ya mlango, najifunga kanga mbili na bado nakuwaza. Sina hasira na wewe. Nilidhani ninayo, nikaitafuta nisiione. Nakuona umekaa kwenye kiti cha kazi huko, una majina ya watu mbele yako, na hujawahi kuonyeshwa na mtu huko namna ya kumwambia aliyekuvika koti kwamba muda wake umekwisha. Mkubwa wako hakukuonyesha. Lakini uani kwangu ulionyeshwa. Maji uliyapeleka wewe mwenyewe.

Labda unasema, bibi, hawa si Warangi kama sisi, hawana mambo hayo. Huenda. Mila zao sizijui, na mchezo wenyewe mpaka leo sijaona anayefunga anafungaje. Ila mkono kifuani niliuona. Na mtu mwenye goti bovu aliyekaa ndani na simu mkononi, anasoma maneno yale yale waliyotumiwa wengine, huyo ndiye babu yako ninayemwona kila nikiwaza angekuwaje kama Juma asingekuja.

Kwa hiyo sikiliza. Usimpigie. Usimwandikie mengine ya kumwomba radhi kwa ujumbe ule. Acha kuzunguka mtaa wa mbali, pita njia yako, na ukifika mlangoni kwake simama. Nenda na chakula, pika wewe, ugali nilikufundisha. Piga hodi kwa lugha yao. Akikwambia hakuna mtu, jua yupo. Akikuita mwizi, itika. Usianze kujieleza kuhusu wakubwa na taratibu, hayo goti lake limeshamwambia. Muulize tu: nani akae golini? Halafu nyamaza. Hicho kimya kitakuuma, kiache kiume. Asipokujibu leo, rudi kesho. Na akitaja jina usikimbilie kuliandika. Kuleni kwanza.

Ukitoka huko utanipigia, sitauliza alisema nini. Nataka nikusikie ukitafuna.

Zaituni ananiambia huko kwenu miezi hii ndiyo jua lenu. Afadhali. Kaa juani mpaka atoke.

Mkeo mkubwa asiyekupa talaka,
Bibi