Senene wa Masika

Temeke, Dar es Salaam
23 Novemba 1952

Mama mpenzi,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo. Sie huku hatujambo, ila joto tu. Hofu ni kwenu. Goti lako linaendeleaje? Mume wangu Adelard anakusalimu sana. Ukarani wa bandarini unamchosha, lakini halalamiki.

Mama, nina aibu. Huu ndio msimu wangu wa kwanza wa senene tangu niolewe, na huku hamna hata mmoja. Kila alfajiri naingia nyasini na kikapu kama ulivyonifunza, narudi na umande. Watoto wa jirani wameanza kuniita Mama Panzi. Mke asiyempa mumewe senene wa mkono wake mwenyewe ni mke gani? Adelard hasemi kitu, na huko kutosema ndiko kunakoniumiza. Nakuomba unitumie kopo moja la waliokaangwa. Nitamwambia nimewakamata mwenyewe.

Mwanao,
Kokuberwa


Bukoba
14 Desemba 1952

Mwanangu Kokuberwa,

Marahaba. Milele amina. Goti limepoa, namshukuru Mungu. Anayeniandikia ni mdogo wako Romani, na anacheka, usimjali.

Senene situmi. Nilikuzaa uwe mke, sikukuzaa uwe mwongo. Halafu unawatafutaje huko Pwani kwa miezi ya Bukoba? Shangazi yako Avelina alipoolewa Karagwe alilia hivyo hivyo. Kumbe senene wa kule hungoja mvua ya kule, na wengi ni wa kahawia, kama nyasi zao zinazokauka mapema. Kila nchi na senene wake. Waulize wenyeji majani yao huota lini, uache kulia.

Mama yako


Bukoba
20 Februari 1953

Mwanangu,

Hujambo? Sie wazima. Mbona kimya? Meli ya barua inakuja, inaondoka, yako hakuna. Kama nilikuwa mkali, nisamehe. Na kama ndoa imekushinda, mlango wetu uko wazi. Andika hata neno moja.

Mama yako


Temeke
3 Mei 1953

Mama yangu,

Shikamoo tena na tena. Sie wazima kabisa. Nisamehe mie. Nilinuna, kisha nikaona haya kwa kununa kwangu, na barua yako ya Februari ilinikuta nimeshafunga mzigo wa kurudi nyumbani.

Vuli ya mwaka jana iliishia njiani. Lakini masika imeshuka kwelikweli, nyasi za nyuma ya nyumba zinanifika kiunoni. Alhamisi alfajiri Rubabbai, jirani yetu, mama wa Kihindi wa Kibohora mwenye duka la nguo, akagonga mlango: "Kokuberwa, amka weye! Panzi wako wamekuja!"

Ni wadogo kuliko wetu, mama, na hawaji kama wingu. Mmoja hapa, mmoja pale. Lakini nilipowanyofoa mabawa, harufu ni ileile. Rubabbai aliniokotea huku akipiga yowe kila mmoja akimrukia. Tulipata bakuli moja.

Adelard alikula wote. Kisha akafungua sanduku lake, akanipa doti ya kanga, ile zawadi ya mume kwa mkewe aliyemletea senene.

"Umenunua lini?" nikamuuliza.

"Novemba."

Aliinunua dukani kwa Rubabbai na akamweleza ni ya nini. Ndiyo maana yule mama alikuwa akichungulia nyasi zangu miezi yote hii! Nami nikidhani mume wangu ananihesabia kosa, kumbe alikuwa ananingoja. Nilimlilia Rubabbai begani, naye akaniambia nisimlowanishie nguo.

Ahsante mama kwa kuninyima lile kopo. Romani, hapa ruka, usimsomee: wanawake hatuli senene, najua, lakini nilionja mmoja.

Mzigo nimeufungua. Kanga ilikaa mno sandukuni, mikunjo yake hata pasi imeshindwa kuitoa. Leo nimeivaa kanisani hivyo hivyo, na mikunjo yake.

Mwanao,
Kokuberwa