Mifuko Tisa ya Chini ya Kitanda

POLISI: MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: kama lilivyo katika kitambulisho kilichoonyeshwa. Kazini hufahamika kama Mama Pasi.
Umri: miaka 46.
Kazi: mpiga pasi, chumba cha kufulia, hospitali.
Makazi: chumba kimoja cha kupanga, nyuma ya kituo cha mafuta, nyumba yenye geti la bluu.
Tarehe: 9, mwezi wa sita. Yameanza kuandikwa saa saba na dakika kumi mchana.

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nimepiga pasi shuka za hospitali kwa miaka kumi na tisa. Sina mume. Watoto wangu wawili wanajitegemea.

Marehemu nilifanya naye kazi miaka sita. Alikuwa na umri wa miaka 33 na kazi yake ilikuwa mashine za kufulia. Tulimwita Chiriku kwa sababu hakujua kunyamaza, hata mashine zikinguruma yeye alizipandia sauti. Wa tatu wetu ni Shangazi, msimamizi wa zamu. Anastaafu tarehe 30 mwezi huu na siku hiyohiyo anatakiwa kurudisha funguo za nyumba ya watumishi. Hana nyumba nyingine.

Sisi watatu tuliweka akiba pamoja. Tulianza na upatu wa watu kumi na wawili, ukafa pale wawili walipopokea zamu yao na kuacha kazi. Tukaweka kwenye simu, lakini ya simu haikai. Kaka yangu akipiga kusema mtoto anaumwa, ninaitoa kabla hajamaliza sentensi. Mume wa Chiriku alikuwa akitafuta pesa mpaka ndani ya kopo la unga. Mwezi wa pili mwaka jana Shangazi alisema, "Tununue saruji. Mmeshaona shemeji gani anakuja kukopa saruji?" Tulicheka, kisha tukanunua.

Kiwanja tulikuwa nacho tayari, tumelipia kwa miaka mitatu, na hati ina majina yetu matatu. Nia ilikuwa vyumba vinne: vitatu vya kupangisha, cha nne cha Shangazi kuhamia akistaafu. Kila mshahara ulipotoka kila mmoja alinunua mfuko mmoja siku hiyohiyo, kabla ya kufika nyumbani. Mifuko ililetwa chumbani kwangu kwa sababu ninaishi peke yangu na mlango wangu una kitasa kizuri. Niliinua kitanda kwa matofali. Chini ya kitanda mifuko tisa ilienea sakafuni, tukaweka mingine tisa juu yake, iliyobaki tukaipanga ukutani, juu ya matofali yaliyosalia, hadi ikafika usawa wa dirisha. Kufikia mwezi wa tatu mwaka huu ilikuwa arobaini na miwili. Chiriku alikuwa akiingia anabisha hodi kwenye mifuko, anasema, "Wapangaji, mpo?"

Sakafu yangu ni ya saruji bila kitu chini yake, na msimu wa mvua hutoa maji. Hilo nilikuwa nalijua. Chini ya ile tisa ya kitandani sikuweka mbao. Hakuna aliyetuambia, nasi hatukuuliza.

Mnamo tarehe 3 mwezi wa nne, Ijumaa, saa kumi jioni, alikuja chumbani kwangu fundi mwashi ambaye sasa mnamshikilia hapa. Anaitwa Timazi, jina la ule uzi wenye chuma wa kupimia kama ukuta umesimama wima, kwa sababu hatoki nyumbani bila huo uzi. Sote watatu tulikuwepo. Aligonga mfuko mmoja mmoja kwa kifundo cha kidole. Ya ukutani alisema ni mizima. Ya safu ya pili alisema ina madonge, itafaa kwa sakafu tu. Ile tisa ya chini kabisa aliigonga mara mbili mbili.

Alisema, "Mama zangu, hii imeshakula unyevu. Hii ni mawe."

Chiriku akasema, "Yaani dunia nzima mawe ni bure, sisi tumeyanunua!" Akacheka mpaka akakaa kitandani. Kisha akasema itupwe, tutanunua mingine tisa kwa mishahara mitatu.

Shangazi alisema, "Wewe unaweza kungoja mishahara mitatu. Mimi wa tatu ukitoka, sina pa kulala."

Fundi alisema mwishoni, na haya nayakumbuka kama alivyoyasema, "Ukuta hautaki huruma, Shangazi. Chumba cha nne kisubiri." Alitoa ile mifuko tisa nje mwenyewe, akaiweka pembeni mwa choo. Kazi ya kujenga ilianza tarehe 13 kwa mifuko mizima.

Mnamo tarehe 19 mwezi wa nne, Jumapili, Chiriku alikuwa zamu. Saa tatu asubuhi Shangazi alikuja kwangu na nyundo, mchi wa kutwangia na kipande cha chandarua. Hakueleza kitu, wala sikumwuliza. Tuliyapasua yale mawe. Katikati ya baadhi ya mifuko mlikuwa na unga bado laini, na kwa jicho ulikuwa unga kama unga mwingine. Pembeni palikuwa pagumu, tukapatwanga. Tulichekecha yote kwa chandarua. Ilituchukua mpaka saa tisa alasiri.

Shangazi alikuwa amekusanya mifuko mitupu ya nailoni kutoka kwenye ujenzi, ile ambayo fundi alikuwa ameikata mdomo. Tuliijaza. Iliyopungua tuliijazia kutoka safu ya pili. Kisha niliishona midomo kwa sindano ya kazini na uzi mweupe tunaoshonea shuka zilizochanika. Mimi ndiye nishonaye vizuri kuliko wenzangu, na siku ile nilishona vizuri.

Hapa askari amenisimamisha. Ameniambia kwamba ninayoyasema sasa yanaweza kutumika dhidi yangu mwenyewe, na kwamba naweza kunyamaza au kutafuta wakili. Nimeelewa. Naendelea.

Siku iliyofuata Shangazi alimwambia fundi kwamba amenunua mifuko tisa mipya kwa pesa ya kiinua mgongo aliyoikopa mapema. Nilikuwepo. Fundi alisema, "Shangazi, umetusitiri."

Nimeulizwa kama fundi hakuona ule uzi. Aliuona. Aliuliza mbona mweupe wakati wa kiwandani ni wa kahawia. Shangazi alimjibu kwamba mwenye duka hufungua mifuko kuuza kwa kilo na kuishona tena. Fundi alinitazama mimi. Nikasema, "Ndivyo anavyofanya."

Nimeulizwa kama Chiriku alijua. Hakujua. Aliambiwa yaleyale aliyoambiwa fundi. Alimkumbatia Shangazi na kumwita mama mkwe wa serikali, sijui alimaanisha nini, ndivyo alivyokuwa.

Kuta za chumba cha nne zilianza kupanda tarehe 11 mwezi wa tano. Vyumba vitatu vya kwanza havina chembe ya ile saruji. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli.

Mnamo tarehe 4 mwezi huu, Alhamisi, saa kumi na moja jioni, fundi alituita Shangazi na mimi kiwanjani. Alikuna ukuta wa nyuma wa chumba cha nne kwa msumari, mchanga ukamwagika kama sukari. Alisema hajawahi kuona saruji mvivu namna ile, na kwamba Jumatatu ataubomoa ukuta huo kwa gharama yake, maana hakutaka jina lake liandikwe kwenye kaburi la mtu. Shangazi alisema ukuta una kiu tu, umwagiwe maji. Fundi alisema maji hayafundishi mchanga kushikana. Kabla ya kuondoka alichukua ubao mrefu akauegemeza mlangoni mwa chumba hicho, toka kona hadi kona, akasema mtu asiingie.

Fundi hakujua kilichokuwa ndani ya ukuta ule. Mimi nilijua. Siku ile nilikuwa na nafasi ya kusema, na sikuitumia.

Mnamo tarehe 6, Jumamosi, Chiriku alikuwa mapumziko. Shangazi alimpigia simu aende kumwagilia ukuta. Mimi nilikuwa nimemaliza zamu ya usiku nikaenda naye. Tulifika karibu saa nne asubuhi. Fundi alikuwa juu ya chumba cha kwanza anapiga misumari kwenye mbao za paa, ametupa mgongo.

Chiriku aliukuta ubao mlangoni. Akaniuliza, "Dada, ubao huu wa nini?"

Nilimwambia, "Fundi ameuegemeza tu."

Aliuondoa, akaingia na ndoo. Nilikwenda kwenye bomba la jirani kujaza ndoo ya pili, hatua kama thelathini. Nilikuwa naye kwa sauti muda wote, kwa maana alikuwa anaongea kupitia uwazi wa dirisha. Alikuwa anatania kwamba chumba hicho ni chake, dirisha lake halitazami kwa mama mkwe kama la nyumbani kwake. Alisema, "Mpangaji wa kwanza ni mimi, na kodi silipi, mnishtaki!" Nilicheka. Niligeuka kufunga bomba.

Haikuanza na kishindo. Ilianza kama mtu anayemimina mchele kwenye sinia, kisha ndipo kishindo. Ilikuwa saa nne na dakika tano, nimeiona kwenye simu baadaye nilipopiga kuomba gari.

Fundi alishuka kutoka juu bila ngazi. Alichimba kwa mikono. Majirani wanne walikuja na majembe, akawakataza majembe yasije yakamkata, wakachimba kwa mikono nao. Chiriku tulimtoa baada ya kama dakika ishirini. Alipakiwa kwenye gari la mizigo akapelekwa hospitali yetu. Daktari alisema amekwisha saa tano na dakika ishirini. Alifunikwa shuka. Shuka za wodi ile nazipiga pasi mimi kila Ijumaa.

Fundi alikamatwa palepale hospitali, saa sita na nusu, kwa madai ya mume wa marehemu kwamba ameiba saruji na kujenga kwa mchanga.

Jumapili tarehe 7 tulikuwa msibani, nyumbani kwa mama wa marehemu. Baada ya mazishi Shangazi aliniita jikoni, tukiwa wawili tu. Alisema, "Mdogo wangu, fundi ni mwanamume na hana hatia, watamwachia tu. Sisi tukiingia, nani atatutoa?"

Nilimwambia hata asiye na hatia hufungwa.

Alisema, "Na mtoto wa Chiriku? Sehemu ya mama yake ipo kwenye vile vyumba vitatu. Ukifungua mdomo, ofisi ya majengo inaleta tingatinga, inavunja vyote. Utamlisha ukweli?"

Binti ana miaka minane, alikuwa nje ya mlango wa jikoni anagawa maji kwa wageni. Tulikubaliana tuseme kwamba fundi alionekana akiuza mifuko mitatu kwa mtu wa pikipiki. Shangazi alichagua rangi ya pikipiki. Nyekundu. Leo nimekuja hapa kusema hivyo.

Nimeulizwa kwa nini sikusema hivyo.

Nilipofika saa saba kasoro, fundi alikuwa anatolewa mahabusu kwenda kuoga. Tulikutana kwenye korido. Vidole vyake vyote kumi vimefungwa bendeji, mmoja hauna kucha. Aliniona, akasimama, askari akamwacha kidogo. Alisema, "Pole kwa msiba, mama. Yule dada alikuwa anatuchekesha."

Ni hayo tu aliyosema. Hakuniuliza chochote kuhusu saruji.

Mifuko ambayo niliishona, mitatu haikutumika. Ipo kwenye banda la kiwanjani, nyuma ya mlango. Uzi utafanana na uzi wa kazini. Sindano ipo kwenye droo yangu ya kushoto.

Hayo ndiyo ninayoyajua, na ndiyo niliyoyafanya. Hakuna aliyenilazimisha kuyasema wala kunilipa. Nina ombi moja. Shangazi amenisindikiza, amekaa kwenye benchi huko nje na ameshika mkoba wangu. Anadhani nimesema ya pikipiki. Naomba nitolewe kwa mlango mwingine.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi)

MAELEZO YA ASKARI: Nimeyaandika maelezo haya mwenyewe na kumsomea shahidi neno kwa neno saa tisa na dakika hamsini alasiri. Hakubadilisha kitu. Alionywa kisheria kama ilivyoelezwa ndani, na ataitwa tena akiwa mtuhumiwa. Askari wawili wametumwa kiwanjani kuchukua mifuko mitatu. Fundi anaendelea kushikiliwa hadi jalada lipitiwe. Barua kwa ofisi ya majengo imeandikwa leo.

Kuhusu ombi la shahidi: kituo hiki kina mlango mmoja. Nilimweleza hivyo. Alikaa kwenye kiti dakika kumi na tano, akaomba maji, hakuyanywa, kisha akatoka. Yule mama wa kwenye benchi alisimama na kumwuliza, "Umemaliza?" Nilitoka nyuma yake nikamtaka yule mama aingie.