Mheshimiwa Amekuja Kujifunza

Jumapili, 5 Novemba 2006

Faksi imeingia asubuhi, nami nimeisoma mara tatu. Waheshimiwa watatu, wabunge kutoka nyumbani, wanatua Jumatano. "Ziara ya kujifunza," faksi inasema, kwa ajili ya mswada wa shule. Wanataka kuona shule ndogo za mashambani.

Za Dubai!

Nikadhani ni kosa la chapa. Nikampelekea bosi, Bwana Ashiraf, ambaye hukubali kazi kwanza halafu akauliza ni kazi gani. Alikuwa anakula sambusa. Alikuwa keshajibu: karibuni, tunazo nyingi.

Nikamkumbusha polepole kwamba ofisi yetu inashughulika na tiketi, viza na mizigo. Tena tuko Al Mankhool, ambapo shamba la karibu ni chungu cha maua mlangoni pa hoteli. Akafuta vidole.

"Fridah, wewe ndiye umesoma. Tafuta shule. Inshallah itapatikana."

Khalas. Akarudi kwenye sambusa.

Jumatatu, 6 Novemba

Nimempigia Mama. Ni mswada ule ule anaousubiri!

Mama anafundisha Ithumbani, shule yetu, ambapo madarasa mawili hukaa chumba kimoja yakipeana migongo. Wakubwa wa elimu wanataka kuifunga Januari kwa kuwa watoto ni wachache. Waende shule kubwa ya ng'ambo ya mto. Serah, mdogo wangu, yuko darasa la tatu, na mto ule mvua ikinyesha hata ng'ombe wanaukataa. Mswada huu ungeipa shule kama yetu fungu lake la serikali, iwe na watoto wengi au wachache. Lakini hausogei bila ripoti ya waheshimiwa hawa. Nao wamesema hawawezi kuandika kabla ya kuona wenzetu wanafanyaje.

Ilikuwa waende Finland, Mama anasema. Wakaona kuna baridi.

Kwa hiyo Ithumbani iko mikononi mwangu. Mimi! Mtu ambaye huiomba radhi mashine ya fotokopi.

Jumanne, 7 Novemba

Bosi ana mpango. Hema jangwani, kule watalii wanakopandishwa ngamia. Kibao: SHULE. Wanafunzi: Hamuza, mlinzi wa mlangoni petu, na walinzi wenzake watatu, ambao Alhamisi wako ofu.

Nikasema Hamuza ana ndevu. Bosi akasema atanyolewa. Nikasema Hamuza ana watoto wanne. Bosi akafikiri sana.

"Basi yeye ndiye hedimasta."

Hamuza kafurahi mno. Tangu mchana ananiuliza kwa nini sijachomekea blauzi.

Nimejifungia chooni kidogo. Kudanganya serikali — hata kama si ya hapa — ni jela ya wapi, ya hapa au ya nyumbani? Na nitamwuliza nani bila yeye kujua kwa nini nauliza?

Jumatano, 8 Novemba

Wamefika. Nilishika kibao cha majina juu chini, lakini walinijua kwa vile nilivyokuwa nikitetemeka.

Wawili walimwomba Dancan, dereva wetu, awashushe Deira, sokoni, mara moja tu. Hawajaonekana tena. Dancan aliniambia baadaye kwamba alimwona mmoja akikatiza barabara na televisheni begani. "Buda anajifunza design mbaya," akasema, yaani mzee anajifunza kwelikweli.

Amebaki kiongozi wao, Mheshimiwa Naftali. Mnene, mpole, huchoka upesi. Ndani ya gari akaniambia kwamba ripoti nitaandika mimi, yeye atatia sahihi. Niandike tumejifunza mengi. Nikauliza, mengi gani, mheshimiwa?

"Hayo ndiyo utakayoandika, binti yangu."

Mswada wenyewe bado hajausoma. Anasema uko kwenye sanduku, chini. Sanduku ameshalimwaga lote kitandani ili apate nafasi ya manukato.

Alhamisi, 9 Novemba

Hema limekufa. Mheshimiwa kasikia neno "mchanga" akatazama viatu vyake. Akaomba badala yake apelekwe kwenye ile theluji ya ndani ya duka kubwa. Yaani ameikimbia baridi ya Finland, amekuja kuikatia tiketi hapa! Nimemsubiri nje saa mbili nzima. Alitoka pua inachuruzika, amefurahi kama nini. Hamuza naye yuko ofisini, amenyoa, hana shule.

Jioni alikuja Bi Rukiya, mama wa Kiunguja anayekaa Al Twar, kutuma kifurushi kwao. Kama kawaida akalalamikia wajukuu: Kiarabu wanacho, Kiingereza wanacho, Kiswahili wanakitafuna kama ubani. Ndiyo maana kila Ijumaa anawafundisha mwenyewe bandani, nyuma ya nyumba, karibu na mbuzi wake.

Shule. Ndogo. Mbuzi!

Ujasiri sijui ulitoka wapi. Nikamwambia ninaye mgeni, mtu mzima, amekuja kujifunza. Akanikazia macho.

"Kujifunza kweli?"

Nikasema kweli.

"Basi mlete kesho baada ya alasiri. Aje na penseli."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Hilo bado linanisumbua.

Ijumaa, 10 Novemba

Naandikia kwenye ngazi za jikoni kwa Bi Rukiya. Banda naliona kutoka hapa.

Mheshimiwa, niliyemwambia shule imepatikana na haina mchanga, aliingia bandani ameshanyoosha mkono wa kusalimia. Hamjambo, watoto! Bi Rukiya akatazama saa.

"Umechelewa."

Mheshimiwa akacheka peke yake. Akaanza kujitambulisha, cheo kwanza.

"Hapa hakuna mheshimiwa, mwanangu. Kaa."

Akakaa! Kwenye benchi la watoto, magoti yamefika kidevuni. Amna, mjukuu ambaye ndiye kiranja, akamchongea penseli. Mimi nikaona viza yangu inafutwa. Nikamnong'oneza Bi Rukiya kwamba huyu ni mgeni wa serikali.

"Si wewe uliyesema amekuja kujifunza?"

Nimesema. Kwa mdomo wangu huu.

Insha ya leo: Shule Yangu ya Kwanza. Mheshimiwa akasema kichwa kinamuuma. Amna akamwambia hata yeye wiki jana kilimuuma na aliandika. Basi akaandika mstari mmoja, akausoma kwa sauti ya jukwaani: shule yangu ilikuwa kubwa na nzuri.

"Ilikuwa na vyumba vingapi?" Bi Rukiya akauliza.

Mbuzi mmoja akalia.

"Kimoja."

"Basi futa 'kubwa'. Iko wapi sasa?"

"Haipo, mwalimu. Ilifungwa. Tulikuwa wachache."

"Andika hilo."

Hajainua kichwa tangu hapo. Nimempelekea maji, hakuniona. Nimechungulia: kuna jina la mwalimu wake, kuna paa lililovuja, kuna binamu yake aliyeacha masomo kwa sababu ya umbali. Mwandiko mbaya, lakini unakimbia.

Ndege yao ni leo. Bosi amepiga simu: yalla, Fridah, yalla, wenzake wako uwanjani na mizigo imezidi, wanataka kilo za Mheshimiwa. Dancan anapiga honi getini. Ripoti niliyomwandikia imo mkobani mwangu, ya "tumejifunza mengi", inangoja sahihi. Hajaiulizia.

Natakiwa niingie nimwambie muda umekwisha. Nimesimama mara mbili. Nimekaa mara mbili.

Sasa amenyoosha mkono juu, kabisa, kama Serah. Anaomba karatasi nyingine.

Bi Rukiya amemwambia amalize kwanza nyuma ya hiyo aliyonayo.

Honi tena.

Amegeuza, anaendelea kuandika.