Waliposema Hakuna Kisu

Tanga, Jumapili ya mwisho wa Agosti. Huu ni mwaka wa pili tangu nitoke kijijini kwetu Kitahana, wiki ileile tuliyokuzika.

Dada Leokadia,

Zege la kaburi lako bado zima. Mama anasema hakuna aliyeligusa, hata ufa hakuna. Namwuliza kila akipiga simu. Unajua kwa nini. Sisi wenye ualbino tunalindwa hata tukiwa chini ya udongo, maana wapo wanaoamini viungo vyetu vinaleta utajiri.

Mimi niko kwenye shamba la mkonge. Nilikuwa naanika nyuzi juani, sasa wamenihamishia ndani, nafunga marobota. Mgongo umechoka. Lakini siandiki kwa sababu ya mgongo. Kwenye sikio langu la kushoto kimetoka kidonda, nikikigusa kinatoa damu, na hakifungi. Ndivyo donda lako lilivyoanza shingoni.

Hospitali kubwa ya Dar wameniambia kuna dawa mpya ya mionzi. Si ya sindano, si ya kunywa. Wanabandika plastiki nyembamba juu ya kidonda, wanapaka juu yake dawa nzito kama uji, unakaa nayo saa moja au zaidi, wanaitoa. Basi. Hakuna kisu. Nikamwuliza daktari, kama haina ubaya, mbona wewe unajikinga? Akasema yeye anashika dawa hiyo kila wiki, mimi napakwa mara moja. Jibu zuri mno. Majibu mazuri mno hunitia shaka.

Halafu likatoka lenyewe: "Ila kwanza tukate kipande kidogo tukapime."

Nilijua! Nikainuka. Hamisi, mwenzangu wa kazini aliyenisindikiza, akanivuta shati. "Wewe Muha, kaa chini! Daktari unamkagua kama unanunua mbuzi?" Nikamwambia sikio si lake.

Nilikukumbuka ulivyomjibu yule daktari aliyetaka kukufanyia upasuaji: "Nyama yangu haibaki hapa. Nitazikwa nayo." Mama akakushika mkono, tukarudi nyumbani tukijiona tumeshinda. Na ukazikwa nayo, Dada. Yote.

Nikakaa. Nikakubali kwa sharti moja, nikifuate kipande changu. Kilikuwa kama punje ya mtama ndani ya kichupa. Nikatembea nyuma ya nesi mpaka maabara, nikaketi mlangoni. Dada mmoja wa maabara akaniambia, "Kaka, hata benki hawalindi hivi." Sikucheka. Akaniacha nichungulie anavyokifungia kabatini.

Majibu yametoka. Ni saratani, ila haijaingia ndani, dawa ya kupaka itaifikia. Nikamweleza daktari na habari yako. Akasema donda lako lilikuwa limeshazama, mionzi ya kupaka isingelifikia, lilihitaji kisu.

Maneno hayo ninayo tangu siku hiyo na sijui niyaweke wapi. Mama siwezi kumwambia.

Jumatano wananipaka. Bado siwaamini. Wanasema ngozi itawaka na kuchubuka kwa wiki kadhaa kabla ya kupona, na mimi nitahesabu hilo la kupona kuwa uongo mpaka nione. Lakini nakumbuka ulivyokuwa huwezi tena kugeuza shingo, mwanao akikuita unageuka mwili mzima, na bado ulikuwa unageuka. Kwa hiyo nitaenda. Dawa ikishindwa, nakuahidi, nitawaacha wakate.

Na nyingine. Mwanao Neema, mwenye ngozi kama yetu, Mama anasema ameanza kutoka mabaka puani. Mama anayapaka mafuta ya mawese na kuniambia nisiwe na wasiwasi. Ninao. Nitampeleka mwenyewe akaguliwe, hata kama Mama atalala mlangoni kunizuia.

Pumzika, Dada. Nakuja Desemba, maharage yakianza kung'olewa.

Mdogo wako,
Yotamu