Baba, Gari Ulilolingoja Limefika

Baba,

Shikamoo. Nimeliandika neno hilo halafu nikatulia kidogo, kama vile ungeitika kutoka barazani. Hukuwahi kuniacha bila marahaba. Hata ukiwa na mswaki mdomoni ulikuwa ukiitikia, nami nikicheka povu linavyokudondoka.

Nina habari ambayo wa kwanza kuambiwa ungekuwa wewe. Lile gari limetoka. Lile ulilokuwa ukiniuliza kila nikirudi kutoka kazini, kabla sijavua hata viatu: "Bado hawajatutengenezea?" Ni aina ile ile ya gari letu la familia, la milango minne na buti ya kumeza gunia la nazi, ila sasa lina nguvu ya kumtisha mwenye lori. Limezinduliwa katika duka letu la magari huku Mkomani, na mimi mwanao ndiye niliyelivua kitambaa.

Wageni walijaa mpaka nje. Bwana Swaleh, mwajiri wangu uliyekuwa ukimpigia simu kumtakia heri kila Idi, alikodi hema na viti, akaleta kahawa chungu, halua, na sharubati ya ukwaju kwa watoto. Gari lilikuwa katikati limefunikwa kitambaa cheusi. Nilikuwa nimejiandaa vizuri, Baba. Maneno yote nilikuwa nayo kichwani, na nilivaa lile gauni la samawati ulilosema linanifanya nionekane mwalimu mkuu. Nikavuta kitambaa, watu wakapiga makofi, na mimi nikasahau kila kitu.

Lilikuwa gari letu. Wamelishusha chini, wamelivika magurudumu mapana, wamelipaka rangi ya damu ya mzee, na nyuma linatoa mabomba mawili ya moshi. Lakini ukisimama ubavuni mwake, milango ni ile ile. Nilikuwa nikiutazama mlango wa nyuma ambao mimi na ndugu yangu Katana tuligombania utoto wetu wote, na watu wanangoja nizungumze.

Bwana Swaleh akakohoa kidogo. Nikafungua boneti, nikaanza na kile ambacho wewe ungetaka kujua kwanza. Juu ya injini kuna pampu ya hewa inayozungushwa na mkanda. Wanaiita supachaja. Injini ya kawaida huvuta hewa kwa uwezo wake wenyewe. Hii inasukumiwa hewa kwa nguvu, basi petroli inawaka kwa ukali zaidi na gari linaruka. Nikasikia sauti yako kabisa, kama umesimama nyuma ya viti vya wageni umekunja mikono: "Kumbe masikini lilikuwa halipati pumzi tu."

Maana ndivyo ulivyosema kila tulipofika mlima wa Mazeras. Unakumbuka? Tunatoka Miritini asubuhi kwenda kwetu Rabai, sisi wanne, na nyanya tukienda kumrudisha kwake, na mchele, na sukari, na godoro la mtu fulani juu ya paa. Mlima ukianza tu, gari linaanza kuomba radhi. Unashusha gia, unashusha tena, unazima kiyoyozi, unafungua madirisha. "Muacheni apumue," unasema, kana kwamba ni mtu. Malori yanatupita yakitupigia honi. Madereva wanachungulia kutoka juu na kucheka. Wewe unawapungia mkono kama waziri.

Na Mama, pale kiti cha mbele, anamenya chungwa. Chungwa la mlimani, tuliliita. Anakulisha kipande kimoja kimoja, maana kwa mwendo ule ungeweza kula pilau na usukani usijue. Unamwambia, "Mama Dama, hebu imba kidogo, gari lisikie aibu." Naye anaimba kwa ile sauti yake ya chini ambayo kanisani haitoi. Sisi nyuma tulikuwa tumebanana tunatoka jasho, tunalalamika, na tunataka tufike.

Sikujua, Baba. Mtoto hajui kuwa ile ndiyo safari yenyewe.

Sasa nikueleze ya nyumbani, kwa sababu bila hayo hutaelewa yaliyofuata.

Tangu tukuzike, Mama hakuwahi kurudi Rabai. Kila nikimwambia twende tukalitazame kaburi, mguu unauma, au kuna mkutano wa akina mama kanisani, au mvua itanyesha. Alikuwa hakatai, lakini haendi. Na kulia hakulia. Siku ya mazishi alisimama wima akawa anawaambia watu wapi pa kuketi. Shangazi alisema ana moyo mgumu. Nilijua si moyo mgumu, lakini nilikuwa sijui ni nini.

Gari letu limekaa chini ya turubai pale kwenye ua. Mimi huliwasha kila Jumamosi ili betri isife, na kila nikiliwasha, Mama huingia jikoni na kufunga mlango. Katana alipokuja likizo kutoka Nairobi aliliona, akasema tuliuze. Usimkasirikie. Alisema, "Dada, linamwumiza Mama kuliona." Akapata mnunuzi Changamwe, fundi mmoja mtaratibu, wakakubaliana aje kulichukua mwisho wa mwezi. Mama alipoambiwa alisema, "Fanyeni mnavyoona." Basi. Akaendelea kuchambua mchicha.

Kwa hiyo siku ya uzinduzi mimi nilikuwa natabasamu mbele ya gari jipya huku nikijua la zamani linaondoka. Wageni walipokwisha kwenda, Bwana Swaleh alinikuta nimekaa ndani nimeshika usukani tu, sijawasha. Akainama dirishani. "Dama," akasema, "wallahi baba yako leo angelala humu." Kisha akasema mteja wa kwanza atakuja Jumatatu kulijaribu, na kabla ya hapo anataka mtu amletee habari kamili jinsi linavyopanda mlima lenye abiria. "Liko kwako Jumapili. Mchukue mama, mpande Mazeras. Ukilikwaruza, inshallah tutasameheana."

Nilimwambia Mama jioni ile. Akasema, "Mimi na magari ya mbio wapi na wapi?" Nikamwambia ni lile gari ambalo Baba alikuwa akiliuliza. Akaacha alichokuwa akifanya. Baadaye kidogo akaniuliza, bila kunitazama, "Lina buti?" Nikasema lina buti. "Milango minne?" Minne. Akasema, "Basi tutaona."

Jumapili baada ya ibada nilimkuta ameshasimama langoni amejifunga leso ya safari, na ule mkoba wake mweusi. Aliingia kiti cha mbele polepole, akapapasa dashibodi, akaitafuta ile sehemu ya kushikilia juu ya dirisha, akaipata. "Wamekiacha kishikio cha Baba Dama," akasema. Ni cha abiria, Baba, hukuwahi kukishika hata siku moja, lakini niliona nisimsahihishe.

Barabara hungeitambua. Wameipanua tangu uondoke, malori yana njia yake, na vile vibanda vya makaa vilivyokuwa ukingoni vimesogezwa nyuma. Tulipokaribia chini ya mlima nilimsikia akifungua mkoba. Nikatupa jicho. Alikuwa ametoa chungwa.

Nikakanyaga mafuta.

Baba, lile gari halipandi mlima, linaufuta. Ile pampu ililia mlio mwembamba kama cherehani, mgongo ukagandamana na kiti, na malori tukayapita moja baada ya jingine kana kwamba yameegeshwa. Kiyoyozi kinapuliza, geji ya joto haikutikisika. Nilihisi furaha ambayo nakiri ilinipanda mpaka kichwani. Nilitaka kukupigia kelele. Nilitaka uwe pale uwapungie mkono wale madereva, safari hii kutoka mbele.

Tulipotokea juu, Mama akasema, "Simamisha gari."

Niliegesha kando, pale penye wauza mahamri. Alikuwa ameshika chungwa mapajani. Alikuwa amemenya ganda kidogo tu, kipande kama kiganja cha mtoto. Akalitazama, akatazama nyuma kwenye kioo, kule tulikotoka.

"Ndiyo basi?" akaniuliza. "Tumekwisha kupanda?"

Nikamwambia ndiyo, Mama, tumefika.

"Hata sijamaliza kumenya," akasema.

Ndipo alipolia. Alilia kama mtu aliyekuwa amezuia mlango kwa mgongo siku zote hizi, sasa amechoka. Nilimkumbatia juu ya gia na mikanda. Alinieleza mambo kwa vipande vipande, na mengine sikuyaelewa kwa kwikwi. Alisema nyumbani ulikuwa mtu wa watu, mara kwaya, mara vikao vya ukoo, mara zamu za usiku bandarini, na akikutaka kwa maongezi anakupata usingizini. Mlimani ndipo ulipokuwa wake. Ulikuwa huwezi kwenda popote. Kazi yako ilikuwa kushika usukani na kufungua mdomo. Alisema alikuwa akiomba moyoni, kila safari, malori yawe mengi.

Sisi nyuma tulikuwa tukiomba yapungue.

Alipotulia alimalizia kumenya lile chungwa, akanipa nusu. Tukala. Kisha akajifuta kwa leso na kusema, "Haya, nipeleke kwake."

Kaburi lako ni safi, Baba. Ami, ndugu yako, hulifagia. Ile asumini niliyoipanda ilikauka, lakini nyingine imeota yenyewe upande wa miguu. Mama aliketi chini kabisa, mchangani, akakaa nawe. Mimi nilikwenda kumsalimia Ami ili muwe peke yenu. Nilipotazama nyuma nilimwona midomo inakwenda, na mkono mmoja unaeleza jambo hewani, kama anavyofanya akiwa anagombana na mtu anayempenda. Sijamwuliza alikuambia nini.

Tulipokuwa tukirudi aliniomba niende polepole. Niliwasha taa za tahadhari nikaenda njia ya malori, na gari lile la mbio likateremka Mazeras nyuma ya trela la saruji. Dereva mmoja alitupigia honi na kunionyesha kwa mkono, nipite, nipite. Mama akampungia.

Usiku ule alimpigia Katana mwenyewe. Nilimsikia kutoka chumbani. "Mwambie yule fundi nimeghairi. Ndiyo, mimi. Si Dama, ni mimi nimesema." Katana alisema kitu kirefu. Mama akamsikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, kisha akasema, "Nataka kulijua." Akakata simu, akaja akasimama mlangoni kwangu. Akaniambia, kama anayeniagiza chumvi dukani, nimfundishe kuendesha.

Mama, Baba. Ambaye ulimbembeleza ajifunze tangu mimi sijazaliwa, akasema kazi ya dereva ni yako, yake ni kumpa dereva chakula.

Bwana Swaleh nilimpa habari kamili. Nilimwambia linapanda vizuri kuliko lolote nililowahi kuendesha, na mteja wa Jumatatu alilichukua siku hiyo hiyo, kijana wa Nyali mwenye watoto wawili. Nilimkabidhi funguo nikamwangalia akifunga kiti cha mtoto kando ya mlango ule wa nyuma. Nilikuwa nimedhani nitalionea wivu. Sikulionea wivu. Nilikuwa nakutaka wewe tu. Nilitaka ulipande mara moja, mara moja tu, halafu tukosane kwa jinsi unavyoliendesha.

La kwetu tumelivua turubai. Fundi yule wa Changamwe alikuja hata hivyo, akabadilisha mipira ya rejeta, na akakataa kucheka alipoambiwa mwanafunzi ni nani. Kila Jumamosi tunakwenda kwenye uwanja wa shule. Mama anavaa viatu vya raba vya Katana. Anaiachia klachi kama mtu anayeachia kuku, gari linaruka na kuzimika. Ananigeukia na kuniuliza, "Baba Dama alikuwa akifanyaje hapa?" Nami sijui kumjibu, Baba. Nilikaa nyuma yako miaka yote ile, sikuwahi kuutazama mguu wako. Namwambia tutajaribu tena. Tunajaribu tena.

Wiki iliyopita aliuzunguka uwanja wote bila kuzima. Alipofika pale alipoanzia hakusimama, akaendelea mzunguko wa pili, ameng'ang'ania usukani, macho mbele, machozi yanamshuka na hayafuti kwa sababu mikono ina kazi. Nilijua ana abiria mwingine zaidi yangu.

Nikuache upumzike. Watu wa kwaya wanakusalimu, Ami anakusalimu, Katana amesema atakuja Krismasi aone mwenyewe kwa macho yake ndipo aamini. Mimi nakuahidi jambo moja, na Mungu ni shahidi yangu. Itachukua muda wowote itakaochukua, uwanjani, barabarani, na hata siku atakaposhika njia ya kuja kwako: sitamharakisha.

Lala salama, Baba yangu.

Mwanao,
Dama